Mshumaa unaotoa 1.0: dalili na vyanzo vya vipimo vya densiti vinavyogoma darasani

Ubaoni, densiti ni kazi ya dakika kumi: tungamo (gramu) gawanya kwa ujazo (mililita, au cm³, ni kitu kimoja), basi. Lakini lete gololi, misumari, mshumaa na ndoo ya maji, wagawie wanafunzi sitini, na kabla kipindi hakijaisha utakuwa na majibu ambayo hakuna kitabu kitakachoyapokea. Gololi ile ile, huku 1.7, kule 3.3. Mshumaa unalingana na maji. Maji yenyewe yamekuwa mazito kuliko maji.

Nimefundisha mada hii kwa vifaa vya dukani zaidi ya vile vya maabara: mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja, silinda ya kupimia ya mililita 100 (kwa bahati ninazo tatu), mabomba ya sindano ya famasi, rula, uzi, na chupa za maji zilizokatwa. Matatizo yanajirudia kila mwaka, na karibu kila kosa lina sura yake. Ukiijua sura huna haja ya kurudia jaribio zima. Unakwenda moja kwa moja kwenye meza yenye tatizo na kuuliza swali moja.

Dalili: maji hayatoi 1

Anza hapa kabla ya kitu kingine chochote. Maji ndiyo kipimo cha vipimo vyako. Kundi lisilopata 1.0 au jirani yake kwa maji lisiruhusiwe kugusa gololi.

Mwambie mwanafunzi apime maji mara tatu, mililita 20, 50 na 100, kisha akokotoe densiti kila mara. Majibu yakitoka 2.5, halafu 1.6, halafu 1.3, huna haja ya kumuuliza alichofanya: hakutoa tungamo la chombo. Chombo chake kina gramu 30. Kwenye maji machache gramu hizo zinavuruga sana, kwenye maji mengi zinamezwa. Densiti inayoshuka kadiri maji yanavyoongezeka ni alama ya chombo kilichosahaulika. Mkichora grafu ya tungamo dhidi ya ujazo, mstari utanyooka vizuri kabisa lakini utakata mhimili kwenye 30 badala ya kupita kwenye sifuri. Mimi huliacha kosa hili litokee kwa makusudi, kwa sababu ile 30 kwenye grafu inawafundisha zaidi ya onyo langu.

Majibu yakiwa mabaya kwa kiwango kile kile, tuseme 0.9 kwa maji machache na 0.9 kwa maji mengi, chombo hakihusiki. Hapo mistari ya ujazo ndiyo mibovu, au mizani. Jagi la plastiki lenye alama zilizochongwa ubavuni ni la kutengenezea juisi, usilitegemee. Vivyo hivyo chupa iliyoandikwa 500 ml: ukiijaza mpaka mdomoni inabeba zaidi ya hapo, kwa sababu kiwandani huachiwa nafasi ya hewa juu. Hakiki kwa bomba la sindano la mililita 20, ambalo kwa kazi yetu ni la kuaminika kabisa.

Majibu yakirukaruka bila mpangilio, angalia macho. Maji kwenye silinda ya kioo hupanda kidogo pembeni na kubonyea katikati. Soma chini ya bonde, jicho likiwa usawa wa maji. Wanafunzi husoma wakiwa wamesimama, silinda ikiwa mezani, wakitazama kutoka juu. Wachuchumae. Na waambie wahesabu kwanza kila mstari ni mililita ngapi, kwa maana kuna silinda ambazo kila mstari ni 2 na watoto wanasoma 1.

Mizani ya jikoni nayo ina vituko vyake viwili. Hujizima yenyewe ukichelewa, na ukiiwasha chombo kikiwa juu yake inakihesabu kuwa sifuri. Pia ukimimina tone kwa tone, nyingi hukataa kusogea, zikidhani ni mtikisiko tu. Inua chombo, kirudishe, ndipo itasema kweli. Mlango uliofunguliwa upande wa upepo nao huihangaisha.

Kama kuna mjuzi darasani atakayekuambia maji ni 1 kamili kwenye nyuzi 4 tu, mpongeze, kisha mwambie kwenye nyuzi 30 ni 0.996. Mizani yenu haina uwezo wa kuiona tofauti hiyo, kwa hiyo asiitumie kama kisingizio.

Dalili: gololi moja, majibu kumi

Gololi ya kawaida ina kipenyo cha milimita 16 hivi. Ujazo wake ni kama 2.1 cm³ na tungamo lake gramu 5 na kitu. Sasa mpe mtoto mizani inayosoma gramu nzima na silinda yenye mistari ya mililita moja. Mizani inasema 5. Maji yamepanda kutoka 50 hadi mahali fulani jirani na 52. Aliyesoma 52 anapata 2.5, na anashangilia kwa sababu kioo kweli kiko hapo. Aliyesoma 51.5 anapata 3.3. Aliyesoma 53 anapata 1.7. Hakuna aliyekosea sana; wote wamepotea chini ya mililita moja. Yule wa 2.5 amebahatisha.

Dawa ni kuacha kupima gololi moja. Weka kumi na tano kwa pamoja: gramu 80, maji kutoka 50 hadi 82. Jibu ni 2.5, na hata ukikosea mililita nzima juu au chini unabaki kati ya 2.4 na 2.6. Misumari ya inchi tatu ni hivyo hivyo: mmoja hauna ujazo hata wa mililita moja, lakini ishirini inakaribia 17, na chuma chako kitatoka 7 na ushei.

Fanya zoezi hili mbele yao: kwanza moja, kisha kumi na tano, mkiandika majibu ya makundi yote ubaoni kwa safu mbili. Safu ya kwanza imetawanyika kama mbuzi waliofunguliwa, ya pili imejikusanya. Sijapata njia nyingine ya kufundisha makosa ya vipimo inayoishinda hii.

Halafu yale madogo madogo. Gololi isidondoshwe kutoka juu: inarusha maji nje, na kwa silinda za kioo itatoboa kitako na umeagana na silinda. Iinamishe, gololi iteleze. Vipovu vilivyong'ang'ania kwenye misumari vinahesabiwa kama chuma. Gongagonga silinda, au weka tone la sabuni ya kuoshea vyombo kwenye maji kabla ya kusoma alama ya kwanza. Na anayetaka kupima gololi kwa rula azipange kumi mstarini katikati ya madaftari mawili, agawanye kwa kumi. Kipenyo kinapandishwa kipeo cha tatu kwenye hesabu ya ujazo wa tufe, kwa hiyo kosa la asilimia 5 kwenye rula linakuwa 15 kwenye jibu.

Dalili: kila kinachoelea kinatoa 1.0

"Mwalimu, mshumaa wangu ni sawasawa na maji." Mwaka wa kwanza niliposikia hivyo nilidhani mtoto amenakili jibu la maji. Nikaenda meza ya pili: kipande cha mbao, 1.0. Meza ya tatu, kizibo: 1.0, au 0.98. Makundi matatu yaliyokaa mbalimbali, vitu vitatu tofauti.

Hawakunakili. Walikuwa wameigundua kanuni ya Archimedes bila kujua, na mimi nilikaribia kuwakaripia.

Chukua kipande cha mshumaa cha gramu 18. Ujazo wake wa kweli ni 20 cm³. Ukikitia ndani ya maji kinaelea, kichwa kikiwa nje. Kitu kinachoelea husukuma maji yenye uzito sawa na wake, si zaidi wala pungufu. Kwa hiyo maji yanapanda kutoka 60 hadi 78: mililita 18, ambazo ni gramu 18 za maji. Mtoto anagawanya 18 kwa 18. Kitu chochote kinachoelea, kiwe msonobari, mshumaa au mfuniko wa plastiki, kitampa 1 kila siku ya Mungu, kwa sababu alichokipima ni ujazo wa sehemu iliyozama peke yake.

Kwa hiyo ukiona 1.0, usiulize hesabu. Uliza: kilizama chote?

Kukizamisha kuna njia mbili. Ya haraka ni kukisukuma kwa pini au sindano nyembamba hadi kichwa kiwe chini ya maji kidogo tu. Kidole hakifai, kwa kuwa nacho kina ujazo, na watoto wanapenda kidole. Ya pili ni kufunga kizamishi. Teremsha jiwe dogo kwa uzi: maji yanatoka 60 hadi 68. Andika 68. Litoe, lifunge pamoja na mshumaa, teremsha vyote: 88. Mshumaa ni 88 toa 68, yaani 20. Sasa 18 gawanya kwa 20 ni 0.9, na nta hukaa hapo hapo. Kosa la hapa ni kutoa 60 badala ya 68, jiwe likaingia kwenye hesabu ya mshumaa. Utalitambua kwa densiti iliyoshuka hadi 0.64.

Usiitupe ile 1.0 hata hivyo. Siku inayofuata lete kipande cha mbao chenye umbo la tofali, kilazwe kwa ubapa majini, wapime kimezama kiasi gani. Chenye unene wa sentimita 4 kikizama 2, densiti yake ni 0.5, na hakuna mizani iliyotumika.

Dalili: kopo la mfuriko linatoa ujazo mdogo, kila mara tofauti

Kwa vitu visivyoingia kwenye silinda, kama kiazi, jiwe au kufuli, tunatoboa chupa ubavuni na kupachika kipande cha mrija. Hilo ndilo kopo la mfuriko: kitu kikizama, maji yanayomwagika kwenye bika (chombo cha kuyapokea) ndiyo ujazo wake. Tatizo karibu kila mara ni la mrija. Maji hushikamana na ukingo wake, yanasimama kama tone nene lisilotaka kudondoka, na kopo linaonekana limejaa wakati bado, au limepita. Njia nyingine ya kuvujisha ni maji kurudi nyuma chini ya mrija na kushuka ubavuni mwa chupa badala ya kuingia kwenye bika.

Kata ncha ya mrija mshazari, uelekee chini. Jaza kupita kiasi, acha maji yatiririke yenyewe mpaka tone la mwisho lidondoke, ndipo uweke bika. Subiri vile vile mwisho. Wanafunzi hawasubiri, wape kazi ya kuhesabu matone kwa sauti, watasubiri. Na usiruhusu mtu kuegemea meza.

Dalili: jibu linabadilika ukiendelea kutazama

Kipande cha tofali la kuchoma kinaingia majini, maji yanapanda, kisha yanaanza kushuka polepole huku vipovu vikitoka. Mkisoma mapema mnapata densiti moja, mkisoma baada ya dakika kumi mnapata kubwa zaidi. Tofali linakunywa. Mkaa ndio zaidi: unaoelea asubuhi unaweza kuzama kesho yake.

Hapa amueni kwanza swali lenyewe. Mnataka densiti ya tofali pamoja na matundu yake, au ya udongo ulioungua peke yake? Kwa fundi wa nyumba swali ni la kwanza. Basi lipimeni tungamo likiwa kavu, liloweke usiku kucha, lifuteni kwa kitambaa, ndipo mlizamishe. Likishashiba halinywi tena, na ujazo unasimama.

Mahindi yana kisa kizuri zaidi. Debe ni lita 20, na debe la mahindi lililosawazishwa juu halifiki kilo 20. Gawanya: densiti iko chini ya 1. Kumbe punje ya mahindi mazima ukiitupa majini inazama! Niliwahi kuliacha swali hili ubaoni kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, na waliolijibu walikuwa watoto wa mama wanaouza nafaka: "Debe lina hewa, Mwalimu, ndiyo maana wanalitikisa." Wanaolitikisa, wanaolipigapiga chini kabla ya kusawazisha, wanafukuza hewa katikati ya punje. Pimeni gramu 40 za mahindi, mimina kwenye silinda yenye maji 50, gongagonga, someni upesi: yatafika karibu na 82. Punje ni 1.25. Debe na punje ni vipimo viwili vya vitu viwili, na vyote ni sahihi.

Chumvi na sukari msizipime kwa maji. Zinayeyuka mbele ya macho yenu. Tumieni mafuta ya taa au ya kupikia.

Dalili: namba ni sahihi, maelezo ni mabovu

Hii ndiyo inayonichosha, kwa sababu mizani haiwezi kuigundua. Kundi limepata mafuta ya kupikia 0.92, safi. Nawauliza kwa nini yanaelea juu ya maji. Kimya. Halafu mmoja: "Lakini Mwalimu, mafuta ni mazito."

Naye hajakosea Kiswahili. Uji mzito, asali nzito, mafuta mazito: tunasema hivyo kwa kitu kisichotiririka upesi. Mzigo mzito: hapo ni kilo. Chuma ni kizito kuliko mbao: hapo, pasipo kusema, tunalinganisha vipande vya ukubwa mmoja, yaani densiti. Neno moja linabeba kazi tatu, na mtoto analileta darasani na kazi zote tatu. Sekondari anasomea kwa Kiingereza, lakini mezani penye gololi na ndoo anafikiri kwa Kiswahili, na huko ndiko utata uliko. Dawa yangu ni glasi mbili: moja asali, moja mafuta. Zote "nzito". Nadondosha maji kidogo katika kila moja. Kwenye asali maji yanabaki juu, kwenye mafuta yanazama chini. Baada ya hapo kwenye somo hili "zito" peke yake ni marufuku. Aseme tungamo, aseme densiti, au aseme linavutika.

Vitabu vingine hutumia "msongamano". Ni neno zuri, linamkumbusha mtoto daladala ya saa kumi na mbili jioni, na kwa gesi linafaa sana. Lakini litamfanya aamini kuwa risasi imeipita alumini kwa sababu atomi zake zimebanana zaidi. Ni kinyume. Kwenye sentimita moja ya ujazo, alumini ina atomi karibu mara mbili ya zile za risasi. Ila kila atomi ya risasi ina tungamo la karibu mara nane, ndiyo maana risasi ni 11.3 na alumini 2.7. Daladala ina abiria wachache, lakini kila mmoja amepakata gunia.

Kuna na ile ya "mti huelea". Tafuta kibanzi cha mpingo kwa wachongaji, hata chenye ukubwa wa njiti ya kiberiti. Densiti yake ni kama 1.2, kinazama huku gogo kavu la mninga likielea. Tahadhari tu: kibanzi kikielea, inawezekana jaribio liko sawa na aliyekuuzia amepaka mti mwingine rangi ya viatu.

Dalili: yai halipandi

Ni jaribio la kuelesha yai kwenye maji ya chumvi, na chumvi haitoshi. Bilauri ya mililita 250 inataka vijiko vya chakula viwili hadi vitatu, na ikorogwe mpaka iyeyuke yote, vinginevyo imelala chini na yai linaelea katikati likiwachanganya. Yai likielea kwenye maji matupu, kosa si lenu. Ni la siku nyingi. Limepoteza maji kupitia ganda na hewa imechukua nafasi yake. Usilipasue darasani.

Dalili: jibu zuri kupita kiasi

Kundi limepima misumari kwa mizani ya jikoni na kuandika 7.87. Tarakimu tatu, sawasawa na jedwali la chuma. Ukiangalia daftari, ujazo umeandikwa 16.52, na silinda yao haina uwezo wa kusoma hivyo. Wameanzia kwenye jibu wakarudi nyuma.

Sigombi. Siku ya pili nawapa kitu ambacho hakimo kwenye jedwali: kipande cha sabuni ya mche, kifutio, kipande cha kiazi, sapatu iliyokatika. Sabuni huwapeleka mbio kweli, maana ikikaa majini inayeyuka, na ukiipima kwa rula kingo zake zimepinda. Mara ya mwisho makundi manane yalibishana kengele ya chakula ikilia, na kundi la nyuma likaomba uzi kuikata sabuni vipande vyenye kingo zilizonyooka.